Jinsi Victorine Alivyoiba Katuni

Mtu mzima kuchezea vigari vya waya, mimi zamani nilikuwa nauita ugonjwa, na Victorine nilimwambia hivyo usoni. Mimi ni Safi, nauza makayabu, samaki wa chumvi, hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Kibanda chake cha fotokopi kinapakana na meza yangu, kwa hiyo harufu ya samaki wangu anaivuta yeye, na kelele za mashine yake nazisikia mimi. Tumezoeana. Umeme ukikatika, wateja wake wananilalamikia mimi, kana kwamba umeme nimeutia chumvi na kuuanika pamoja na samaki.

Victorine ni mwembamba, mtaratibu, mama wa mtoto mmoja anayeitwa Ange, na mke wa Jérôme anayebeba abiria kwa pikipiki. Haongei sana. Asubuhi anafagia mbele ya kibanda mpaka udongo unabaki hauna alama ya mguu wala ya gurudumu, utadhani anamngoja gavana. Juu ya mashine kuna rafu, na kwenye rafu kuna malori, pikipiki na treni moja ya mabehewa, vyote vya waya na makopo, vyote kazi ya koleo na vidole vyake mwenyewe.

Kumbe wagonjwa wa ugonjwa huo ni wengi. Wana kikundi chao kwenye WhatsApp, wanakiita Waya na Bati, na Victorine ndiye aliyekianzisha. Wamo watu wa Kindu, wa Kisangani, wa Lubumbashi, wa mashariki, hata wale wanaokaa Ubelgiji na kulia kwa kukumbuka matope ya kwao. Mmoja akitengeneza kigari anakipiga picha, wengine wanamsifu kana kwamba amejenga daraja. Kigari wanachokipenda kuliko vyote ni cha Victorine: lori la kopo la nyanya, gurudumu moja limepinda, jina lake Polepole. Wakaanza kulitungia visa, kisha wakaanza kuvichora. Ndipo yakazaliwa mashindano ya katuni: kila mwaka, mvua za Desemba zikianza, kila anayetaka anachora kurasa zake za hadithi ya Polepole, kikundi kinapiga kura, na mshindi anatengenezewa lori na Victorine mwenyewe.

Mwaka uliotangulia kisa hiki kulikuwa na ugomvi. Mtu mmoja alituma michoro isiyo yake, akashinda, akaja kuumbuliwa, na matusi yaliyofuata ningeyauza kwa kilo ningekuwa na nyumba ya ghorofa. Kwa hiyo Victorine akaweka sheria. Katuni ichorwe kwa mkono. Karatasi iwekwe mbele ya mlango wa mchoraji mwenyewe, kigari chake kisimame juu yake, na picha ipigwe mchana. Watu wale hujuana kwa vigari, kwa sababu kila mmoja anapinda waya kwa namna yake. Na mlango, alisema Victorine, hausemi uongo. Wote waliifurahia sheria ile. Mimi pia nilimwambia ana akili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba tumewaomba watu waonyeshe wanapolala.

Kati ya katuni zilizoingia kulikuwa na moja kutoka mji mmoja wa mashariki. Sitautaja. Ukuta una masikio, na siku hizi simu ndizo kuta zenyewe. Mji ule ulikuwa umeingiliwa na wenye bunduki, wakakaa, wakaweka wakubwa wao na vizuizi vyao, vile tunavyoviita barieri. Mchoraji alijiita Kokoto kikundini. Victorine peke yake ndiye aliyejua kwamba ni kijana anayeitwa Gédéon, fundi wa kuandika vibao vya maduka.

Gédéon alijua kuchora, jamani. Katika kurasa zake nane Polepole amebeba vitunguu, anafika kwenye barieri, na hapo amesimama askari mwenye tumbo la kopo, uso mkavu kama makayabu yangu. Anadai kitunguu, anakila, tumbo linaongezeka. Barieri ya pili, yuleyule, tumbo kubwa zaidi. Mwishowe tumbo limeziba barabara nzima, askari mwenyewe hawezi kupita kwenda nyumbani, na anajiamuru alipe kitunguu ndipo ajiruhusu. Mimi nisiyependa vigari nilicheka mpaka nikampimia mteja samaki kupita kiasi.

Victorine alituma kurasa zote kikundini pamoja na picha ya mlangoni. Watu wakashangilia. "Hongera Kokoto!" wakaandika, na wengine, kwa furaha na upumbavu, wakataja na mji wake. Halafu mmoja wao akazitoa nje ya kikundi, akaziweka Facebook, zikakimbia kama moto wa kiangazi.

Asubuhi moja Victorine, ambaye kwake mimi ni yaya, yaani dada mkubwa, akaniita, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

"Yaya Safi, kuya kidogo."

"Njo nini tena? Mashine imekufa?"

"Hapana. Soma hii."

Ulikuwa ujumbe wa mwanachama mpya, namba isiyo na jina, picha yake ua la waridi. Ameandika: "Hongera sana kwa mchoraji. Kazi nzuri. Anakaa mtaa gani? Tuko na zawadi yake, tutamuletea mpaka kwa mulango."

"Sasa zawadi njo ubaya?" nikamwuliza.

"Muntu wa zawadi anauliza namba ya telefone, yaya. Hapana mulango."

Akaifungua ile picha, tukainamia simu wote wawili. Yeye aliangalia kigari, kwa sababu macho yake yamezoea hivyo. Mimi niliangalia kilicho nyuma yake. Mlango wa mbao, rangi ya kijani. Nguo za mtoto kwenye kamba. Na pembeni, kibao kimeegemea ukuta, rangi bado mbichi, nusu yake kwenye picha: QUINCAILL. Duka la misumari na saruji, linalongoja kibao chake kipya.

"Hii kibao," nikasema, "siku ile itapandishwa juu ya duka, si wataingia kuuliza mwenye duka ni nani amemuandikia?"

Victorine aliketi chini, pale pale kwenye udongo alioufagia.

Ili mjue kwa nini aliketi vile, lazima niwarudishe mwaka 2002. Sisi tuliokuwa Kindu mwaka ule hatuhitaji kuelezwa. Ilikuwa vita: mji ulikuwa wa wenye bunduki hawa, msitu ulikuwa wa wenye bunduki wale, na sisi katikati. Ukienda shambani, wenye mji wanasema umewapelekea habari watu wa msitu. Ukirudi na mihogo, watu wa msitu walishakuuliza nani amekupa ruhusa ya kwenda kulisha mji. Treni ilikuwa imelala. Chumvi tulilamba kwa ncha ya kidole.

Victorine alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kaka yake, Israël, alikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinafikiria kuota. Mama yao alikuwa amemfungia ndani, maana vijana walikuwa wanachukuliwa njiani kubeba mizigo na hawarudi. Mle ndani Israël akawa anatengeneza magari kwa waya za miavuli mibovu, magurudumu anakata kwenye soli za kandambili. Alimtengenezea mdogo wake lori lenye usukani wa fimbo ndefu. Victorine alikuwa akilisukuma uani, na siku nyingine mpaka njiani.

Wiki ile mtu alikata waya wa simu ya askari. Wakaanza kutafuta waya nyumba kwa nyumba, wamekasirika. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye matope ya njia wakaona mistari miwili, myembamba, imenyooka, inakata kona na kuingia kwenye ua mmoja. Wakaifuata. Wala hawakubisha hodi. Wakamkuta Israël ana soli mkononi na waya magotini, wakasema aje kwa kamanda aeleze. Mama alimfuata mpaka kwenye barieri akarudishwa kwa kitako cha bunduki. Habari za Israël ziliishia hapo. Hakuna kaburi, hakuna mtu aliyesema nilimwona. Mama yao alilitupa lile lori kwenye mto Lualaba, na Victorine akaanza kufagia.

Alipokuwa mkubwa akajifundisha kulitengeneza lile lori upya, kwa kukumbuka tu. Gurudumu lilipinda kwa sababu mtoto hakumbuki kila kitu. Ndilo Polepole. Wale wa kikundi hawakujua. Mimi mwenyewe nilikaa naye miaka kabla ya kuambiwa, na tangu siku hiyo sikurudia neno ugonjwa.

Sasa turudi kwenye simu. Alimwandikia Gédéon: ondoka hapo nyumbani, toa kibao, usilale huko. Alama ikabaki moja. Ujumbe umetoka Kindu, haujafika kwake. Akapiga simu, mwanamke wa mtandao akajibu kwa Kifaransa kizuri kwamba mteja hapatikani. Kule rezo, yaani mtandao, ilikuwa inakatwa na kurudishwa kama wanavyotaka wenyewe. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, akampigia kila mtu aliyemfahamu upande ule. Hakuna aliyepatikana. Kila mashine yake ilipolia kumaliza kopi, nilimwona anaruka.

Akazifuta kurasa kikundini na kuomba wote wazifute. Unadhani walifuta? Mmoja wa wale wa Ubelgiji aliandika kwa herufi kubwa kwamba sanaa hainyamazishwi, akazituma tena zote nane, na mlango juu yake. Wengine wakamfuata, kwa mapenzi kabisa, kila mmoja na mioyo yake myekundu. Ukiwa Ubelgiji, na polisi wa huko anakusalimu kwanza, ushujaa ni kitu rahisi. Nilitamani kumpiga na samaki. Na lile ua la waridi likarudi: "Jamani, hakuna anayejua mtaa?"

Ndipo Victorine akaiweka simu kando. Alichukua karatasi, akafunga nusu ya mlango wa kibanda, akachora. Aliweka mbele yake kurasa za Gédéon na kuufuata mkono wake, mstari kwa mstari, kwanza kwenye karatasi mbovu, kisha kwenye nzuri. Jérôme alipopita kunywa maji alikuta ukurasa wa tisa umekaribia kwisha: yule askari mwenye tumbo la kopo, hatimaye amefika nyumbani kwake, anacheka. Jérôme ni mtu mpole, lakini siku ile alipandisha sauti mpaka wateja wangu wakageuka.

"Unafanya nini, muke yangu?"

"Nasema ni miye nimechora yote. Wakiamini kama ni miye, hawatatafuta mulango ya ule kijana."

"Watatafuta yako!"

"Yangu iko huku Kindu. Wao hawako huku."

"Na wetu? Askari wa tumbo, hapa Kindu wako wangapi? Kila mumoja akiona atasema njo miye umenichora. Uko na mutoto, Victorine!"

"Gédéon naye njo mutoto ya muntu."

Jérôme alinitazama mimi, akitaka nimsaidie. Ukweli ulikuwa wake na haki ilikuwa ya mkewe, na mimi muuza samaki mnataka niamue? Nilimwambia tu aende akampeleke Ange kwa bibi yake, Alunguli, ng'ambo ya mto, na asichelewe. Akaenda.

Tulipiga picha kwenye nyumba yao, adhuhuri. Mlango wao ni wa buluu. Victorine aliweka karatasi kizingitini, na Polepole juu yake. Upepo ulikuwa unainua kona ya karatasi, nikaishika kwa kidole, ndiyo maana kidole changu kimo kwenye ile picha, na mpaka leo sijui kama nijivunie au nijifiche. Picha ya kwanza ikaharibika, na ya pili. "Yaya," akaniambia, "kila saa naona mama yangu amesimama hapa kwa mulango." Akapiga ya tatu, ikatoka.

Kisha akaitoa namba ya Gédéon kikundini na kutuma sauti. Niliisikia akiisema, kavu, kama anasoma tangazo la msiba.

"Ndugu zangu wa Waya na Bati, nimewakosea. Kokoto hayuko. Kokoto njo miye, Victorine. Ile katuni nimechora miye hapa Kindu, na kile kigari nilipinda kwa namna ingine kusudi musinijue. Ule mulango ya kijani uko kule kijiji ya Kama, kwa wakwe zangu, na kibao njo ya duka ya kule kwa wachimba dhahabu. Nilitaka kushinda konkuru, ile mashindano yangu mwenyewe. Ukurasa ya mwisho njo hii, munaweza kulinganisha mukono. Munisamehe."

Hawakumsamehe. Simu ilianza kutetemeka juu ya meza mpaka ikawa inatembea. Mwizi. Muongo. Refa amefunga bao! Mzee mmoja wa Kisangani, ambaye miaka yote alikuwa akimwita binti yangu, aliandika kwamba amesikitika, akatoka. Yule wa Ubelgiji akasema alijua tangu zamani. Wakatoka kumi kwa kumi, kama watu wanaotoka kanisani paa likivuja, na waliobaki wakamnyang'anya uongozi. Kikundi alichokijenga kwa miaka, mahali pekee ambapo lori la Israël lilikuwa linapendwa na watu, kilivunjika kabla sijamaliza beseni moja la samaki. Victorine alisoma kila tusi. Hakujibu hata moja.

Lile ua la waridi halikutoka na wenzake. Likamwandikia yeye peke yake: "Mulango ya buluu. Tumeona." Basi. Hakuna salamu, hakuna kitisho. Alinionyesha, akaigeuza simu kifudifudi.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Victorine hakula. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya vibanda vyetu ilitukausha mate. Askari mmoja wa hapahapa alikuja, tumbo lake linatangulia, akasimama anaitazama rafu ya magari. Akachukua lori, akalizungusha gurudumu, akauliza nani amelitengeneza. Victorine akasema, "Ni miye, chef." Askari akarudisha lori, akatoa kadi yake ya uchaguzi, akataka kopi. Alipoondoka, Victorine alichukua ufagio akafuta nyayo zake zote. Mimi niliogopa kiasi cha kufikiria kuihamisha meza yangu, nasema wazi. Nilichagua hata mahali. Halafu nikaona aibu, nikabaki.

Na muda wote huo, kule kwa Gédéon, alama moja. Tulikuwa tumebaki na swali moja tu. Je, walimfikia kabla ya uongo wetu?

Ujumbe uliingia siku ya soko kubwa, nina wateja watatu mbele yangu na kisu mkononi. Nilisikia kiti cha Victorine kinaanguka. Nikaacha samaki, nikaacha na wateja, nikaenda. Namba ilikuwa mpya, hatuijui, haina jina wala picha. Alinipa simu kwa sababu macho yake yalikuwa yameshajaa maji, hayawezi kusoma tena. Nikasoma kwa sauti ya chini.

"Mama Victorine, Mungu anakuona. Nilikuheshimu kama mama yangu. Nilisikia wananitafuta, nikatoka kwangu na nguo ya mwilini tu, niko njiani sijui nafika wapi, rezo inarudi ndiyo nakuta umejipa kazi yangu mbele ya wantu wote. Wewe ni mwizi. Na hata kuiba hujui! Ule ukurasa wa tisa ni aibu. Umechora askari yangu anacheka. Askari yangu hachekake! Kurasa nane zote hajacheka hata mara moja, hujaona? Na kivuli umeweka upande wa jua. Usiguse tena Kokoto. Nakulaani."

"Ni yeye," nikasema. Nani mwingine angekasirikia kivuli? "Ni yeye mwenyewe! Mujibu sasa! Muambie ukweli, juu ya nini alale na uchungu hivi?"

Victorine alitikisa kichwa. "Hatujui ile telefone ni ya nani, yaya. Hatujui nani anasoma nyuma yake. Aniite mwizi. Nikimuambia ukweli na wamushike na jibu yangu, wataona kama ni yeye mwenye katuni; nisipojibu, ni muntu wa kulalamika tu."

"Lakini atakuchukia maisha yote."

"Anichukie."

Alinichukulia simu mkononi, akakaa juu ya kasha la karatasi kwa kuwa kiti kilikuwa bado kimelala chini, akaanza kuusoma ule ujumbe upya tangu mwanzo. Midomo yake inatembea, machozi yanashuka, na uso wake wote unacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona anacheka hivyo.

"Angalia vile anakasirika," akasema. "Yaya Safi, angalia vile anakasirika! Muntu wa kufa hakasirike hivi."